Chawa wa kondoo: kwa nini dawa peke yake haikuwamaliza popote



Kila mara tunapogawa kondoo kwa watu waliorudi, kuna swali linalotoka hata kamba hazijafunguliwa: "Huyu nyama ana chawa, nani ametuletea?" Aliyepokea anamtazama aliyetoa. Aliyetoa anaapa kwamba kondoo alitoka safi lupangoni kwake. Wengine wanasema ni wa sokoni, wengine wanasema ni wale walionunuliwa upande wa Kasongo, na mwisho wake watu wawili waliokimbia pamoja na kulala chini ya shiti moja la plastiki hawasalimiani tena.

Hilo si jambo dogo kwetu. Utaratibu wetu wa kupitishana unasimama juu ya kuaminiana: ninapokea jike, anazaa, binti yake wa kwanza ninamtoa kwa mwenzangu anayengoja. Kama mwenzangu anafikiri ninamtupia nyama mgonjwa ili nibaki na mzima, basi mnyororo unakatika. Na mama aliyerudi Salamabila akakuta nyumba haina paa na shamba limekuwa pori, yule jike mmoja ndiye minerval ya mtoto na ndiye franga ya kituo cha afya siku homa inapoingia usiku.

Kwa hiyo nimeona ni vizuri niandike historia ya huyu mdudu na dawa zake. Si kwa kupenda mambo ya zamani tu. Nchi kubwa zilizokuwa na kondoo mamilioni zilipoteza miaka mingi zikiuliza swali letu hilohilo, nani ameleta. Zilipobadilisha swali, zikauliza siku gani wote tutibu, ndipo mambo yakaanza kwenda.

Tuanze na kondoo mwenyewe. Kondoo si mnyama wa asili ya Afrika. Alifugwa kwanza huko Mashariki ya Kati, zaidi ya miaka 9,000 iliyopita, akaingia Afrika kwa njia ya Misri, na polepole akashuka mpaka kwetu. Hawa wafupi wa misitu, wenye nywele badala ya manyoya marefu, wana sifa moja inayotupa faida: wanavumilia ugonjwa wa mbung'o kuliko wanyama wengi. Ng'ombe kwetu anashindwa, kondoo mfupi na mbuzi wanabaki. Nywele fupi nazo zinasaidia. Jua linafika kwenye ngozi, mvua inafika, na chawa hapendi vyote viwili. Mtu aliyeona kondoo wa Ulaya, yule anayeonekana kama godoro linalotembea, ataelewa mara moja kwa nini wenzetu wa kule waliteseka na chawa kutupita sisi.

Chawa naye alisafiri juu ya mwenye mwili. Na hapa kuna jambo ambalo ningeomba kila mwanamemba alishike: chawa wa kondoo hana nyumba nyingine. Hakai majanini kama kupe. Hakai mchangani kama funza. Anazaliwa kwenye unywele wa kondoo, anakula hapo, anataga hapo, anakufa hapo. Akianguka chini au akibaki kwenye kamba au kwenye matandiko ya banda, anaweza kuvuta siku kadhaa, pengine wiki mbili, halafu amekwisha. Anahama kondoo anapogusana na kondoo. Basi.

Wako wa namna mbili. Kuna wanaotafuna: wadogo, rangi ya udongo mwekundu uliofifia, kichwa kipana, wanakimbia ukifungua nywele. Wataalamu wanamwita Bovicola ovis. Hao hawanywi damu, wanakula magamba ya ngozi na uchafu wake, lakini wanawasha sana; kondoo anajisugua kwenye ukuta, anajiuma ubavuni, nywele zinatoka mabaka mabaka. Halafu kuna wanaonyonya damu: rangi ya bluu-kijivu, kichwa chembamba kama ncha ya sindano, wametulia wamejibandika, mara nyingi usoni, shingoni au miguuni. Hao ndio wanaomaliza wana-kondoo. Angalia ndani ya kope la jicho, kama ni jeupe badala ya jekundu, damu imepungua. (Kama hauoni mdudu yeyote lakini ngozi imekuwa nene na ina maganda, huenda ni upele, na huo ni mdudu mwingine asiyeonekana kwa macho. Muulize munganga wa nyama.)

Kutofautisha hao wawili si elimu ya kujionyesha. Mbele nitaeleza kwa nini franga inapotea mtu asipojua.

Sasa historia ya kwetu. Yule Mwingereza Livingstone alifika Kabambare, wakati ule wakiandika Bambarre, mwezi wa 9 mwaka wa 1869, na mwaka uliofuata vidonda vya miguu vikamlaza hapo miezi na miezi. Katika daftari zake mbuzi na kuku wanatajwa kila mara, kama zawadi, kama chakula, kama kitu cha kubadilisha na shanga. Njia zilikuwa zimefunguka. Wafanyabiashara wa pembe kutoka pwani walikuwa wakipanda kupitia Tanganyika na kupita kwetu kwenda Nyangwe na Kasongo, na Tippu Tip akaifanya Kasongo kuwa moja ya miji mikubwa ya bara. Msafara wa mamia ya watu unakula. Nyama hai zilikusanywa kutoka vijiji mbalimbali, zikalala boma moja, zikatembea pamoja, zikagawanywa. Hakuna aliyeandika habari za chawa wao. Lakini kwa tabia ya mdudu huyu niliyoeleza, hakuna njia bora ya kumtawanya kuliko hiyo.

Halafu vita. Mwezi wa 4 mwaka wa 1893 jeshi la Dhanis likaichukua Kasongo, na tangu hapo nchi hii imeona watu wakikimbia kila kizazi. Wazee wetu walikimbia mwaka wa 1964 wakati wa uasi wa Simba. Wazazi wetu walikimbia mwaka wa 1996 na tena baada ya 1998. Sisi tulikimbia kuanzia 2017, kila mmoja anajua usiku wake. Kila mara nyama za kufuga ndizo za kwanza kupotea: zinachukuliwa, zinachinjwa njiani, zinauzwa kwa bei ya kutupa. Na kila mara baada ya kurudi, vikundi vipya vinaundwa kwa kuokota hapa mmoja na pale mmoja. Kwa hiyo kundi la mtu aliyerudi ni kama boma la msafara wa zamani: kila kondoo ametoka mahali pake na ameleta vya mahali pake. Mtu asimwonee haya mwenzake kwa hilo.

Serikali ya kikoloni haikutusaidia sana upande huu. Ilichotaka kutoka Maniema ya kusini kilijulikana. Kilimo cha lazima cha pamba kilianzia Maniema na Sankuru mwaka wa 1917, na baadaye dhahabu ya Namoya ikachimbwa. Kondoo watano wa baba wa kijiji hawakuwa hesabu ya mtu. Elimu ya kutibu chawa ikabaki kwa wazee: majivu makavu yaliyosuguliwa mpaka ngozini, maji ya tumbaku, mafuta ya mawese usoni na masikioni, na yale majani ya utupa yanayotumiwa kulevya samaki.

Vijana wengine wanacheka hayo. Wasicheke haraka. Katika karne ya 19 wafugaji wa Australia, wenye makundi ya maelfu, walikuwa wakichemsha tumbaku pamoja na kiberiti cha unga na kuogesha kondoo ndani yake. Hiyo ilikuwa dawa yao kubwa. Uingereza kabla ya dawa za kisasa walitumia unga wa mizizi ya derris, mmea wa Asia, na sumu iliyo ndani yake ni rotenoni, hiyohiyo iliyo katika majani ya utupa. Zambia wachunguzi walijaribu maji ya utupa kwenye kupe wa ng'ombe. Kwa hiyo babu hakuwa anabahatisha. Lakini babu pia alijua kipimo, na hapo ndipo tunapopotea. Maji ya tumbaku yakiwa makali yanapita ngozini, na jike mwenye mimba au mwana-kondoo mchanga anaweza kutetemeka na kufa siku hiyohiyo. Utupa nao ukimwagwa kijitoni unafanya kazi yake ya kawaida: samaki wote wanaelea.

Dawa ya kwanza ya kiwandani ilitengenezwa na William Cooper, munganga wa nyama wa mji wa Berkhamsted huko Uingereza, mwaka wa 1852. Ulikuwa unga wa aseniki na kiberiti, unachanganywa na maji, kondoo anatumbukizwa mzima ndani ya josho. Uliuzwa dunia nzima. Aseniki ni sumu ya kuua mtu, na iliua: kondoo waliokunywa maji ya josho, mbwa, na watu pia. Mpaka leo kuna sehemu za Australia na Nyuzilandi ambako josho la zamani lilikuwa, na udongo wake bado haufai kulima mboga wala kujenga nyumba.

Lakini adui wao mkubwa kwa josho hakuwa chawa. Alikuwa upele wa kondoo, ambao unaua. Kwa upele, serikali za Australia ziliweka sheria kali: kila kundi lioge, wakaguzi wanapita, kondoo wa kuhamishwa bila kibali anakamatwa, hata mwenye kundi safi analazimishwa kama jirani yake ana upele. Mwaka wa 1896 upele ukaisha katika nchi ile nzima, na haujarudi. Na chawa? Chawa wako mpaka leo. Ni kondoo walewale, majosho yaleyale, na dawa ile iliua wote wawili. Tofauti kubwa ilikuwa kwa watu. Upele uliogopwa na kila mtu akasimama pamoja na mwenzake. Chawa alionekana aibu ndogo ya mtu binafsi, mmoja anatibu mwezi huu, jirani mwezi wa tatu, mwingine hatibu. Mimi nikisoma hayo ninaona kabisa mtaa wetu.

Ninyi wafadhili, kwa ajili yenu nina habari ya Afrika Kusini. Mwaka wa 1894 bunge la Cape lilipitisha sheria ya kulazimisha kuogesha kondoo kwa sababu ya upele. Juu ya karatasi ilikuwa nzuri kama ya Australia. Wafugaji wengi wa Kiafrikana waliipinga kwa nguvu, ikawa jambo la siasa mpaka uchaguzi. Wenye mali waliwaita wajinga. Lakini wengi kati yao walikuwa maskini wanaohamahama kutafuta malisho katika nchi kavu. Maji ya kunywa yenyewe yalikuwa shida, na ukimwogesha kondoo mwembamba katika baridi bila chakula anakufa kwa josho badala ya upele. Sheria ilimtaka mtu afanye kitu ambacho hakuwa na njia ya kukifanya. Kwa hiyo mnapotuandikia sharti kwamba "kila mnufaika atatibu mifugo yake", tunashukuru, lakini mtuulize pia dawa itatoka wapi, nani atashika bomba la kunyunyizia, na bidoni za maji zitabebwa na nani kutoka mtoni.

Baada ya hapo dawa zilifuatana kama wafalme. DDT: Paul Müller wa Uswisi aligundua nguvu yake kwa wadudu mwaka wa 1939, akapewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1948. Mwisho wa 1943 na mwanzo wa 1944, mji wa Napoli nchini Italia ulikuwa na tifasi, ugonjwa unaoletwa na chawa wa mwili wa binadamu, na watu zaidi ya milioni wakapuliziwa unga ndani ya nguo. Tifasi ikasimama. Wafugaji wakasema, kama inaua chawa wa mtu itaua wa kondoo, na ikaua. Kisha ikaonekana kwamba inabaki katika mafuta ya nyama na katika maziwa, mwaka hata mwaka, na majosho yakaiacha.

Hapa nisimame kidogo, maana neno chawa lina jeraha lake kwetu. Tulioishi kambini tunakumbuka. Ng'ambo tu ya Tanganyika, Burundi, katika miaka ya 1995 mpaka 1997, vita vilijaza watu kambini katika baridi ya milimani, na tifasi ya chawa ikaugua watu makumi ya maelfu. Kwa hiyo mama akiambiwa mbele ya watu kwamba lupango lake lina chawa, anasikia kwamba yeye ni mchafu. Ni vizuri ijulikane wazi: chawa wa kondoo hakai kwa mtu. Anaweza kukutembea mkononi ukimshika mnyama, halafu anakufa. Hamwambukizi mtoto tifasi, na haletwi na uchafu wa mwenye nyumba. Chawa wa mtu naye hakai kwa kondoo. Kuna majina mawili tunayoyachanganya kuwa moja, na watoto wametukanwa shuleni kwa sababu hiyo.

Baada ya DDT zikaja dawa za jamii ya fosfati, ambazo zinashika mishipa ya fahamu ya mdudu. Zinashika na ya mtu. Uingereza ulikuwa umemaliza upele wa kondoo mwaka wa 1952. Ukarudi mwaka wa 1973, na kuanzia 1976 serikali ikalazimisha wafugaji wote kuogesha kondoo. Wengi walitumia dawa hizo za fosfati. Wafugaji wakaanza kusema wanaumwa kichwa, mikono inakufa ganzi, akili inachoka, na mabishano juu ya ugonjwa huo yakaendelea miaka mingi. Amri ya lazima iliondolewa mwaka wa 1992.

Ninalitaja hilo kwa sababu dawa za jamii hiyohiyo zinauzwa kwetu sokoni katika vichupa bila karatasi, dawa ya mashamba, dawa ya mende, yote yamemiminwa katika chupa ya soda. Mtu anachukua, anachanganya kwa macho, anamwagia kondoo, anamwachia mtoto amshike. Kondoo akianza kutoa mate mengi, kutetemeka, kukojoa hovyo, hiyo si chawa wanaotoka. Ni sumu. Mtoto akionyesha hayo, mvue nguo, muogeshe kwa maji mengi na sabuni, kisha mkimbize kituo cha afya na chupa yenyewe mkononi. Ningeweza kusema kwa upole zaidi lakini sitaki: dawa ya chupa ya soda isitumiwe kwa nyama za shirika.

Dawa ya kuosha au kumwagia mgongoni inayotumika zaidi siku hizi ina mizizi karibu na sisi. Ni ya jamii ya pareto, lile ua jeupe ambalo limelimwa Kenya na katika milima ya Kivu tangu zama za wakoloni. Ua lenyewe linaua mdudu haraka lakini nguvu yake inakwisha juani. Katika miaka ya 1970 Michael Elliott na wenzake huko Rothamsted, Uingereza, wakatengeneza mfano wake wa kiwandani usioharibiwa na jua. Deltametrini ni mmoja wao. Australia wakaipokea kwa furaha, kwa sababu badala ya kumtumbukiza kondoo unamwagia mstari mmoja mgongoni tu, na kazi imekwisha. Hapo ndipo kosa lilipoingia. Katika manyoya marefu dawa haikufika tumboni wala shingoni kwa nguvu iliyotakiwa. Chawa walioonja kidogo bila kufa wakazaa, na katika miaka ya 1980 na 1990 wakapatikana chawa ambao dawa hiyo haiwagusi tena. Dawa haikuwa mbaya. Ilipigwa nusunusu.

Na mwisho kuna ile ambayo kila mtu hapa anaijua kwa jina la Mectizan, kile kidonge cha upofu wa mto wanachopimia urefu kwa fimbo. Watu hawajui kwamba ilianza kama dawa ya nyama. Satoshi Ōmura wa Japani alipata kijidudu katika udongo, William Campbell na wenzake wa kampuni ya Merck wakatoa dawa, nayo ikauzwa kwa mifugo kuanzia 1981. Mwaka wa 1987 kampuni ikatangaza itatoa kidonge cha watu bure, na mwaka wa 2015 hao wawili wakapewa Nobel. Kwa kondoo ni ivermektini ya sindano, chini ya ngozi. Inaua vizuri chawa wanaonyonya damu, kwa sababu dawa iko ndani ya damu. Kwa wale wanaotafuna, wasionywa damu, inafanya kazi hafifu. Ndiyo maana nilisema mtu amtazame mdudu kwanza. Nimesikia malalamiko kwamba "dawa ya munganga ni maji tu", na mara nyingi mtu alipiga sindano kwa chawa wa kutafuna, ambao walitakiwa kuoshwa. Na tafadhali: kidonge cha mtu kisivunjwe kwa kondoo, na sindano ya kondoo isipigwe mtu. Vipimo ni tofauti, na mgawaji wa Mectizan anahesabu vidonge kwa watu wake.

Sasa turudi kwa hali yetu ya leo, maana kuna jambo moja ambalo vitabu vya Australia havina. Kwa sababu ya wezi na watu wenye silaha, wengi wetu tunalaza kondoo jikoni au ndani ya nyumba, wamebanana, gizani, na asubuhi tunachelewa kuwatoa mpaka tusikie kama njia ni salama. Zamani walilala nje kwenye uzio na jua la saa moja linawapata. Wakati huohuo chakula chao kimepungua kwa sababu hatuthubutu kuwapeleka mbali. Kondoo mwembamba, aliyebanana, asiyeona jua: hapo ndipo chawa wanaongezeka. Usalama ukirudi kidogo, toeni nyama nje mapema, na uzio wa miti karibu na nyumba ni bora kuliko jiko. Bado sijaona mfadhili aliyeweka uzio katika bajeti ya kutibu chawa, lakini ni dawa kama dawa nyingine.

Kuhusu kutibu, kamati imekubali hivi. Nyama wote wa mtaa mmoja, wa wanamemba na hata wa majirani wasio wanamemba kama wakikubali, watatibiwa siku moja. Mbuzi nao waletwe, kwa sababu kuna chawa mnyonyaji anayekaa kwa mbuzi na kwa kondoo pia. Baada ya siku 14, wote tena. Siku hizo 14 zina sababu: dawa nyingi haziui mayai, na yai linaangua katika siku kumi hivi au kupita kidogo, ukirudi siku ya 14 unawakuta watoto wameshatoka lakini wengi hawajaanza kutaga. Mtu akikosa mzunguko wa pili, wa kwanza umepotea. Atakayesafiri siku hiyo amwachie jirani kamba.

Kondoo anayeingia, awe wa sokoni, wa mahari au wa kupitishana, akae peke yake wiki mbili na atibiwe mara mbili kabla ya kuchanganywa. Yule wa kupitishana atatibiwa kwa aliyetoa mara moja na kwa aliyepokea mara moja, kwa dawa ya shirika, na wote wawili waweke alama ya kidole katika daftari. Kwa njia hiyo hakuna tena haja ya kuuliza ni nani. Banda alilolala lifagiliwe, majani ya kulalia yachomwe.

Maji yaliyobaki ya kuosha yasimwagwe kijitoni. Dawa hizi za pareto ni kali sana kwa samaki, na kijito kinashuka Luama, ambako wenzetu wanavua. Ichimbwe shimo mbali na kisima. Wanaoosha wavae plastiki mikononi. Anayetayarisha dawa asiwe na mtoto mgongoni.

Jambo la mwisho ni kwa wale wanaofuga kwa ajili ya Idi ya kuchinja, wakati bei inapopanda. Karatasi ya kila dawa inasema siku ngapi nyama isiliwe baada ya kutibu, na kwa ivermektini siku hizo ni nyingi. Hesabu inaanza kwenye sindano ya pili, si ya kwanza. Asiyesoma Kifaransa alete karatasi ofisini, tutamsomea na kumwandikia tarehe kwa kalamu kwenye kadi ya kondoo wake.